Divai Iliyolala Chini ya Kitanda

Jirani yangu alinifahamu kwa pua kabla hajanifahamu kwa jina. Tulikuwa wawili kwenye lifti, mimi na mifuko yangu ya sokoni, yeye na koti la baridi lililofungwa hadi kidevuni. Tulipopita ghorofa ya nne akageuka, akaniambia kwa Kiswahili, bila hata salamu, "Mama, jana ulipika maharage. Yalishika chini."

Nilishangaa mambo mawili. La kwanza, alijuaje kwamba mimi ni mtu wa Kiswahili. La pili, ni kweli yalishika chini. Nilikuwa nimeyanusuru kwa kuyahamishia sufuria nyingine na kuyaongezea nazi, na nyumbani kwangu hakuna aliyegundua.

"Na Kiswahili changu umekinusa pia?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilikusikia unagombeza mutoto ku simu."

Tukaishi mlango wa kutazamana kwa miaka kumi na mmoja, ghorofa ya saba ya jengo moja refu huko Malvern, pembeni mwa Toronto. Mimi nilimwita Jirani, yeye aliniita Mwalimu, na hatukuhitaji zaidi. Kwao ni Lubumbashi, lakini hakupenda kusimulia ya huko, nami sitayabuni. Ninachojua ni kwamba kabla ya kuja Toronto alifanya kazi miaka mingi kwenye ghala la divai huko Langedoki, kusini mwa Ufaransa, nchi ya jua kali na upepo mkavu. Alianza kwa kuosha mapipa kwa maji ya moto. Alimaliza akiwa mtu anayeulizwa kabla divai haijatiwa kwenye chupa. Huku Toronto alifanya kazi kwenye bohari ya mwagizaji mmoja upande wa Agincourt. Alifungua makasha, na chupa ikitiliwa shaka aliitwa yeye ainuse.

Nieleze kidogo kazi hiyo, maana wengi wetu hatukukua nayo. Haina uchawi. Ukiweza kutambua kwamba maziwa yanakaribia kuchacha, tayari umeshaianza. Divai aliyoipenda Jirani ilikuwa moja tu, nyekundu, ya mchanganyiko. Kwenye nchi ya joto zabibu huiva hadi zikajaa sukari, na aina moja ikiachwa peke yake huelemea upande, kama mgeni anayeongea peke yake mezani. Kwa hiyo huchanganywa. Jirani alizitaja zabibu zake kama watu wa ukoo. Grenashi ndiye mchangamfu, anayefika wa kwanza na kumkumbatia kila mtu. Sira amevaa suti nyeusi na ananukia pilipili manga. Murvedri huchelewa kuiva, ana kaharufu ka mnyama, na ndiye anayeishika meza isianguke. Karinyani ni mzee mchachu wa mizabibu mikongwe, hana sura wala maneno matamu.

"Batu banamucheka Karinyani," alisema, "lakini kama yeye hayuko, vinyo inalala usingizi." Vinyo kwake ndiyo divai.

Baada ya kuchanganywa, divai huingizwa kwenye pipa la mwaloni ikakaa humo mwaka au zaidi. Pipa hilo, wakati wa kuundwa, huchomwa ndani kwa moto. Divai ikikaa humo hutoka na moshi, na vanila, na hata karafuu. Mara ya kwanza aliponieleza nilimkatiza.

"Kwa hiyo wanatia karafuu?"

"Hakuna mutu ametia kitu, Mwalimu. Ni muti uliungua, njo ile karafuu."

Mimi ni mwalimu kwa tabia kuliko kwa kazi. Siku za juma nalea watoto wadogo kwenye kituo cha kulelea, na Jumamosi nafundisha Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa letu. Nimeeleza mambo mengi kwa watu wengi, na nakiri kwamba sijawahi kuona mtu akieleza kwa maneno machache kama yule mwanamke. Nilikiri hivyo moyoni tu. Kwa mdomo sikumsifu hata siku moja.

Pua yake ilimtawala. Sokoni alinusa nyanya pale kikonyo kilipokatikia, moja baada ya nyingine, na wenye haraka walimpita wakimtazama pembeni. Alinusa barua kabla ya kuzifungua. Alifungua dirisha la mwisho wa korido, akavuta pumzi, akasema, "Kesho theluji," na kesho yake tukasukuma mlango wa jengo kwa bega. Hakujipaka manukato, na mgeni aliyejipaka alimkalisha karibu na dirisha lililo wazi, hata Januari. Halafu mtu huyohuyo alipika samaki mkavu hadi ghorofa ya tisa wakajua. Alikataza pilipili kwa kuwa inaua ulimi, naye alikula pilipili mbichi kwa chumvi kama mwingine alavyo karanga. Alisema anayetia barafu kwenye divai anastahili kupelekwa mahakamani. Julai moja nilimkuta kwenye kibaraza chake, miguu ndani ya beseni, na vipande vitatu vya barafu vinaelea kwenye glasi nyekundu.

"Leo hii si vinyo," akanijibu kabla sijauliza. "Ni dawa ya joto."

Na alitema. Hilo lilinisumbua sana mwanzoni. Alimimina kidogo, akanusa, akaizungusha mdomoni kama mtu anayesukutua, akaitema kwenye sinki. Nilimwambia kwetu kutema chakula ni kufuru. Akasema Jumapili kanisani huwa anameza, Mungu anajua tofauti.

Alikuwa na msemo mmoja nilioudharau: mtu hasikii harufu ya nyumba yake. Alinieleza kwamba pua ikikaa na kitu kila siku hukizoea, ikaacha kukitaja. Mgeni husimama mlangoni akakisikia mara moja. Mwenye nyumba, kamwe. Nilimwambia nyumba yangu haina harufu, naisafisha kila siku. Akacheka hadi akashika ukuta.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Nina binti mmoja, Neema. Alikuja Toronto akiwa na miaka mitatu, akazungumza Kiswahili hadi alipofikisha saba. Siku moja alirudi kutoka shule analia, ananieleza kwamba mwenzake amemchania kitabu. Alikosea neno, nami nikamsahihisha kabla ya kumuuliza ni nani aliyekichana. Akajifuta machozi, akamaliza habari yake kwa Kiingereza. Sikuona kitu siku ile. Nimekiona baadaye, kwa sababu hakurudi tena kwenye Kiswahili. Nilimsemesha kwa Kiswahili akaelewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza. Nilimwandikisha darasa langu mwenyewe la Jumamosi, akakaa nyuma majuma mawili, akaacha. Nilifundisha watoto wa watu kumwamkia bibi yao, na wangu akipewa simu azungumze na bibi yake aliyeko Morogoro alisema "Shikamoo" na "Nzuri," kisha akanirudishia simu kama kitu cha moto.

Alipokuwa na miaka kumi na saba akaanza kwenda kwa Jirani. Nilifurahi, kwa sababu ni karibu na ni salama. Jirani hakumpa divai hadi alipofikisha umri wa sheria, alimpa makopo ya kunusa. Yalikuwa makopo madogo ya jemu yaliyooshwa, kila moja lina kitu kimoja: gome, jani, kipande cha ngozi, tunda kavu. Unafumba macho, unafunguliwa kopo, unasema unasikia nini. Ndivyo pua inavyofundishwa, na mtu yeyote anaweza kuanza na alivyonavyo jikoni. Baadaye ikaja divai yenyewe, kidole kimoja kwenye glasi, ya kunusa na kutema.

Jirani alimwita "mutoto wangu." Neema alimwita "Tantine," kwa Kifaransa chao, yaani shangazi. Shangazi zake wa damu hakuwahi kuwaita kitu.

Jumapili moja mchana nilitoka kwenye lifti na mfuko wa vitunguu, na mlango wa Jirani ulikuwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya mama yangu. Mama yangu mzazi, yuko Morogoro, anacheka ndani ya fleti ya watu wengine. Simu ilikuwa mezani imefunguliwa sauti.

"Bibi, hii inanukia kama ghala," alikuwa akisema Neema. Kwa Kiswahili.

"Ghala gani, mjukuu wangu? La mahindi au la pumba?"

"La... lile ambalo panya amekufa."

"Basi msinywe hiyo, imwageni!"

Wakacheka wote watatu. Kiswahili cha Neema kilikuwa na makosa manne, niliyahesabu, na mawili yalikuwa ya Lubumbashi kabisa. Mama yangu hakusahihisha hata moja. Nilisimama koridoni mpaka mkono ukafa ganzi. Ningeweza kusukuma mlango, nikaingia, nikacheka wa nne. Niliingia kwangu, nikakata vitunguu vyote, hata visivyohitajika.

Wivu, kama hujaujua, haufiki na hasira. Unafika na adabu. Kuanzia siku ile nilimsalimu Jirani vizuri zaidi kuliko zamani. Nilimpelekea chapati. Na kila alipoanza sentensi na "mutoto anasema," nilitabasamu. Nilianza hata kumwonea gere kwa vitu vya kipuuzi, kama koti lake, au jinsi mkorogo wake wa lugha ulivyomtoka bila aibu. Mimi nilikuwa na vitabu viwili vya sarufi na cheti cha ualimu. Yeye alikuwa na makopo ya jemu.

Neema alipoingia chuo kikuu, Jirani aligonga mlango wangu na chupa iliyofungwa kwa gazeti. Ilikuwa ile divai yake, kutoka shamba lilelile alilofanyia kazi.

"Mulaze," aliniambia, kana kwamba ni mtoto mchanga. "Mahali pa giza, pasipo joto. Siku Neema atamaliza masomo, tutamwamsha."

Chupa hulazwa ili kizibo kilowane na divai. Kikikauka, hewa hupita, divai ikaharibika. Nililijua hilo. Niliilaza chini ya kitanda changu, kati ya masanduku mawili, na kwa miaka minne nilipopiga deki niliizunguka kwa uangalifu.

Siku ya kumpongeza Neema tulialika watu kama ishirini, fleti ikajaa. Nilipika pilau tangu asubuhi. Jirani alikuwa kazini hadi saa kumi na moja, akatuma ujumbe: ningojeeni, nakuja kumwamsha. Ilipofika saa tisa nikaenda chumbani. Nikaitoa chupa chini ya kitanda. Nikaizibua jikoni, nikaimwaga yote kwenye jagi kubwa la plastiki, nikatia soda nyeusi, barafu, na vipande vya machungwa.

Wengi wetu hunywa hivyo kwenye sherehe, divai nyekundu kwa soda, na sioni aibu yoyote. Angefanya mwingine, lingekuwa kosa la kawaida la watu wa kwetu, la kusimuliana na kucheka. Wageni walisifu. Mama mmoja wa kanisani akaniuliza ni juisi gani hii yenye nguvu.

Jirani alifika na viatu vyake vya kazini. Aliiona chupa tupu kando ya sinki, na kizibo pembeni yake. Akakichukua kizibo, akakinusa, akakitia mfukoni. Kisha akachukua kikombe cha plastiki, akachota kwenye jagi, akanusa, akanywa chote bila kutema.

"Karinyani eko palepale," akasema. "Mumemutia sukari, mumemutia barafu, amekataa kuzama."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa nguvu. Neema hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na joho lake begani. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ulijua."

Miaka kumi na tano nilingoja mwanangu aniambie kitu kwa Kiswahili. Ilikuwa ni hiyo. Haikuwa na kosa la kusahihisha.

Septemba iliyofuata akaenda Langedoki kuvuna zabibu, kwa barua ya Jirani, kisha akabaki kufanya kazi ghalani. Ujumbe wake kwangu ulikuwa mfupi na wa Kiingereza: nimefika, nimekula, mvua imenyesha. Kwa Jirani, nilisikia kupitia mlango wake, zilikuwa simu za saa nzima. Sikuomba radhi, si kwa mmoja wala kwa mwingine. Jirani hakuitaja chupa ile tena. Aliendelea kuniita Mwalimu na kuniambia nimepika nini. Ukarimu huo nao niliuonea wivu.

Mara ya mwisho tulipokaa pamoja ilikuwa Machi, majuma machache kabla hajahamia Montreal kwa mdogo wake. Nilitoka kwenye lifti alasiri, nikakutana na moshi koridoni. Nikafuata harufu hadi mlangoni kwake, nikagonga kwa kiganja.

"Jirani, maharage yako yameshika chini."

Alifungua, akanitazama kama sikusema kitu cha maana. Nyuma yake jiko lilikuwa limefuka moshi. Nilimpita, nikazima moto, nikaitia sufuria kwenye sinki. Nilipogeuka alikuwa amekaa.

"Sikusikia," akasema. "Tangu mafua ya Desemba. Sisikii kitu. Kahawa ni maji ya moto. Kazini bado hawajui."

Nikavuta kiti; katika miaka kumi na mmoja hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye meza yake. Nitasema ukweli: kabla ya huruma kulipita jambo jingine, dogo na baya, lililofanana na raha. Lilipita haraka. Lakini lilipita.

Akainuka, akatoa chupa kabatini. Niliijua lebo kabla hajaigeuza. Ilikuwa ndugu ya ile niliyoimwaga, ya mwaka uleule.

"Kaa hapohapo. Utanusa, utaniambia. Mi siwezi tena."

"Jirani, mimi sijui haya mambo."

"Unajua kueleza. Eleza."

Alimimina. Nilinusa, nikaanza na maneno niliyowahi kuyasikia kwake, matunda meusi, mwaloni. Akatikisa kichwa. "Hayo ni yangu. Nataka yako." Nikafumba macho. Nikasema karafuu, lakini ya kwenye pilau inapofunuliwa, si ya kwenye pakiti. Nikasema moshi wa mkaa kwenye nguo. Nikasema kungumanga. Nikasema begi langu la kufundishia, la ngozi, likiwa limenyeshewa.

Kila niliposema nilimsikia akienda kwenye rafu, akirudi, akiweka kitu mbele yangu. Nilipofumbua macho, makopo ya jemu yalikuwa manne, kila moja lina karatasi iliyobandikwa, na mwandiko ni wa Neema. *Karafuu ya pilau. Mkaa. Kungumanga. Begi la Mama.*

"Maneno haya ulimfundisha wewe?" nikauliza.

"Mi? Mi nilikuwa na maneno ya Kifaransa tu. Kungumanga nitaitoa wapi? Kila kopo nilimuuliza, hii kwenu ni nini. Anafikiri, anafikiri, halafu anasema: Mama huiita hivi." Akayapanga makopo kwa kidole. "Ni wewe ulinifundisha, Mwalimu. Kupitia yeye. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilitazama rafu yote, makopo thelathini au arobaini, nikaona jiko langu limepangwa pale kwa mwandiko wa mwanangu: iliki, binzari, mafuta ya nazi, chai iliyochemka na kumwagika.

Akaleta moja la mwisho. Ndani mlikuwa na kipande cha kitambaa, nikakitambua. Ilikuwa ncha ya kanga niliyokuwa nikijifunga kichwani kituoni, kanga iliyopotea miaka mingi nyuma, nami nikalaumu mashine za kufulia za jengo. Karatasi ilisema *Mama akitoka kazini.*

"Hii alinikataza kufungua," alisema Jirani. "Alisema itaisha. Mi nilifungua mara moja tu."

"Inanukia nini?"

"Nusa."

Nilifungua, nikashusha uso hadi pua ikagusa ukingo wa kopo, nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Sikusikia kitu. Nikavuta tena. Jirani akanyoosha mkono, nikampa, akanusa kwa pua yake iliyokufa, akanirudishia.

"Hata mi," akasema.

Nikakirudisha kifuniko upesi, nikakikaza kwa mikono miwili.